Rimoroki ya Boti

Mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu walipewa miguu ya kutembelea, mimi nilipewa ya kuweka chini ya meza. Miaka ile ya vita, watu wa avenyu yetu pale Buyenzi walipolalamika kwamba kuvrefe, amri ya kutotoka nje usiku, inawafungia ndani mapema kama kuku, nililalamika nao kwa adabu tu, maana saa ya kuvrefe ilipofika mimi nilikuwa ndani tangu juzi yake. Nilitengeneza redio katika chumba cha mbele. Redio zililetwa, wenye redio walikuja kwa miguu yao wenyewe, na habari za dunia zilinikuta kwenye kiti. Risasi pekee niliyotaka kujuana nayo ilikuwa ile ninayoyeyusha kuungia nyaya.

Mke wangu alikuwa mtu wa aina nyingine. Alifanya biashara ya mawese, akiyafuata Rumonge, kusini, na kuyarudisha mjini kwa madumu ya njano. Barabara ya kusini ilikuwa imeharibika wakati ule, si kwa mashimo bali kwa watu. Siku moja aligombana na mpakiaji juu ya dumu linalovuja, lori likamwacha. Lori hilo lilipigwa risasi njiani. Alirudi nyumbani siku ya pili yake, akapanga madumu ukutani, akaketi, akasema, "Barabara basi. Nitapita mu mazi."

Ndivyo ilivyoanza habari ya boti. Yeye na kaka yake, ambaye ni makanika, waliuza walichokuwa nacho. Cherehani iliondoka, bangili ziliondoka, hata kitanda cha wageni kiliondoka, nami sikukilaumu kitanda, kilikuwa kimezoea wageni. Seremala mmoja mwenye uwanja karibu na ziwa akawatengenezea boti ya mbao, pana, ya tako bapa, ya kubeba madumu na watu. Ingepotea boti ile, tungebaki na redio za watu.

Seremala alipokuwa akipaka lami ya mwisho, amri ikatoka kwa wanajeshi wa ukingoni: hakuna chombo cha majini kulala mchangani. Walisema kuna watu wanaovuka usiku kutoka upande wa Kongo. Chombo kitakachokutwa hapo baada ya kuvrefe kitachukuliwa. Mvuvi mmoja hakuamini, akaacha chake, na siku chache baadaye mbao zake zilionekana zikipikia maharagwe ya wanajeshi. Seremala aliposikia hivyo alituma salamu kwamba kazi yake imekwisha, boti ni nzuri, anatutakia baraka, na kesho jioni isikutwe kwake.

"Baba watoto," mke wangu akaniambia, "kesho utatafuta rimoroki."

Rimoroki ni lile gari lisilo na injini linalofungwa nyuma ya gari lenye injini. Nilijua hilo. Sikujua zaidi ya hilo.

"Kaka yako je?"

"Iko nafunga moteri ya bwato. Atakuja na pikapu mchana, akute umesha nunua."

"Na mi nitajuaje rimoroki nzuri?"

"Iko na magurudumu mbili. Ukiona tatu, rudi."

Asubuhi, kabla chai haijapoa, komisioneri mmoja alikwisha kusikia. Watu hawa wa kuunganisha mnunuzi na muuzaji wanasikia shida ya mtu kabla mwenyewe hajaamka nayo. Akanipandisha Kinanira, huko mlimani, kwenye nyumba kubwa ambayo wenyewe walikuwa wamekwisha kuondoka nchini, wakamwachia zamu, mlinzi wa nyumba, ufunguo na vitu vya kuuza. Rimoroki ilikuwa uani, nyuma ya nyumba. Kwa kweli ilikuwa nzuri. Ilikuwa na magurudumu madogo ya mpira katikati ili boti iteleze juu yake, na mkono wa kuzungusha kamba. Katikati ilikuwa na bonde refu, kwa ajili ya boti zile za wazungu zenye tumbo la kuchongoka. Yetu ilikuwa na tako kama sinia. Ingekaa humo kama mama mnene kwenye kiti cha chekechea.

Sikuliona hilo wakati ule. Nilichokuwa nikikiona ni kwamba kutoka mlimani pale milio ya bunduki ya upande wa vilima ilisikika wazi zaidi kuliko chumbani kwangu.

"Iyo ni mbali," zamu akasema.

"Mbali kiasi gani?"

"Mbali na mi."

Nilikuwa tayari kuinunua palepale ili nirudi nyumbani. Kilichoniokoa ni bei: waliitaka kwa dola, na dola nilizijua kwa kuzisikia tu. Komisioneri alinifuata mlima mzima akinieleza kwamba kitu cha Ulaya hakifi. Nikamwambia mimi nitakufa kabla yake, basi hainisaidii.

Nilipofika Buyenzi ndipo nilipokumbuka kwamba nyuma ya msikiti wetu kuna gereji inayounda rimoroki. Naweza kuiona nikisimama juu ya kiti changu. Mwenye gereji alikuwa mzee wa siku nyingi mtaani, mwenye kofia yake ya kufuma na miwani iliyofungwa waya. Aliponiona nikiingia aliweka spana chini.

"Nani amekufa?" akaniuliza.

"Hakuna, Mzee. Nimekuja kununua rimoroki."

"We uko na gari?"

"Sina."

"Utaivuta na nini, na redio?"

Mafundi wake wakainua vichwa. Nikawaambia gari lipo, la shemeji yangu, linakuja.

"Ya kubeba nini?"

"Boti," nikasema.

Hapa sina budi kueleza ugonjwa wangu. Nilisoma hadi sekondari, na baada ya hapo nikasomeshwa na redio. Mchana kutwa nilisikiliza stesheni za Tanzania, nikijaribu vipaza sauti, na maneno yao yakaniingia mdomoni. Watu wa kwetu wanasema bwato. Mimi nilisema boti, kama msoma habari, na nilijisikia mtu wa maana kila nilipolisema.

"Ngapi?" Mzee akauliza.

"Moja."

Alitazama miguu yangu, mguu wa kulia, kisha wa kushoto. "Moja? Na ile ingine imeenda wapi?"

Mafundi walicheka mpaka mmoja akaachia jeki. Kwetu boti ni viatu, vile virefu, hasa vya mpira vya kukanyagia matope. Nikaanza kueleza kwamba kwa Kiswahili sanifu chombo cha majini huitwa boti. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, kwa huruma.

"Sema bwato, baba," akasema. "Siku izi usiseme boti mbele ya watu wenye haujui. Wale wa porini njo wanavaaka boti. Mutu akikutwa na muzigo ya boti, atakuwa na maneno mingi ya kueleza."

Nikasema nimesikia. Nilikuwa nimesikia kweli.

Alikuwa na rimoroki mbili zilizokamilika, zote juu ya ekseli za pikapu zilizokufa. Ya kwanza ilikuwa fupi, ya vyuma vinene, na matairi ambayo bado yalikuwa na meno. Ya pili ilikuwa ndefu, ya bluu, nyembamba vyumani, na matairi yenye upara. Hata mimi niliona kwamba ya kwanza ndiyo rimoroki. Lakini ilikuwa na rangi ya kijani, kijani kile cha jeshi. Nikaizunguka. Nikapiga tairi teke, kwa sababu nimeona wanaume wakifanya hivyo. Nikafikiria barabara. Wanajeshi wakiiona watauliza nimeipata wapi. Wale wa porini wakiiona hawatauliza kitu.

"Rangi inabadilika," Mzee akasema, akisoma uso wangu. "Nitaipaka."

"Itakauka lini?"

"Kesho."

"Boti inatakiwa kuondoka leo."

"Bwato."

"Bwato."

"Basi chukua ya bluu. Ile ya kijani ingekubebea bwato muzuri, lakini roho yako ingebaki njiani."

Nilimwuliza kuhusu pini ya kufungia. Nilimwuliza kuhusu mnyororo wa akiba, pini ikikatika. Nilimwuliza kama tairi lenye upara hupasuka lenyewe au hungoja kitu. Akanijibu yote, kisha akasema, "Ukiozesha binti yako utauliza hivi?" Nikamwambia binti ana miguu yake. Akanionyesha jambo moja ambalo alilirudia: mzigo ukae mbele kidogo ya ekseli. Uzito ukibaki nyuma, mkia wa rimoroki unaanza kuyumba na kulichapa gari linaloivuta. "Mbele kidogo. Sikia? Mbele."

Tukakubaliana. Lakini kwetu biashara ya chuma haijaisha mpaka imenyweshwa. Mnunuzi anaagiza Fanta, muuzaji anakunywa, mafundi wanakunywa kama mashahidi, na wote wanasema rimoroki ni nzuri. Ukiondoka kabla ya chupa kwisha, umeitukana. Nilikunywa yangu nikitazama kivuli cha mnara kikirefuka uani. Adhana ya alasiri ikatoka, Mzee akaenda kuswali, nasi tukaswali, na shemeji yangu alipofika na pikapu, mikono yake bado ina grisi ya moteri, jua lilikuwa limekwisha kuelekea Kongo.

Rimoroki tupu ina kelele kuliko harusi. Ilirukaruka nyuma yetu, mnyororo ukigonga, watu wakigeuka kutazama, nami nikijikunja kwenye kiti kama mtu aliyeiba kengele. Tukafika kwenye bariyeri, kamba iliyofungwa vitambaa, kabla ya barabara ya kushukia ziwani. Askari kijana akaja upande wangu.

"Munaenda wapi na hii kitu?"

Shemeji alifungua mdomo. Nilimtangulia. Hofu yangu ina tabia ya kusema kwanza, na inasema Kiswahili cha redio.

"Tunaenda kuchukua boti, shefu."

Askari akainama dirishani. "Boti?"

"Ndiyo. Mpya."

"Za nani?"

"Ni ya mke wangu."

"Bibi yako anauzisha boti?"

"Hapana, ni ya kwake mwenyewe. Ya kwendea Rumonge."

Shemeji alinifinya paja. Nikadhani ananitia moyo.

"Rimoroki muzima," askari akasema polepole, "ya boti za bibi moja."

"Ni kubwa, shefu. Wanaingia watu kumi na madumu yao."

Akanyoosha mgongo. "We mutu, unanicheka?"

Hapo ndipo niliposikia nilichokuwa nikikisema. Nilitaka kusema bwato. Neno dogo, la watoto, nililolijua kabla ya jina langu, na likakataa kutoka. Nikaanza kupiga kasia hewani kwa mikono miwili. Askari akarudi nyuma, bunduki ikashuka begani.

"Ni bwato, shefu," shemeji akasema haraka. "Huyu anakosea. Tunafuata bwato."

"Mbele ilikuwa boti. Sasa imekuwa bwato?"

Na hilo ndilo lilikuwa baya. Kusahihisha kulionekana kama uongo. Tulishushwa, tukaketishwa kando ya barabara, migongo kwenye tairi la upara, na mmoja akaenda kumwita mkubwa wao. Wapita njia walitutazama na kuharakisha. Mimi nilitazama jua. Mke wangu alikuwa kwa seremala na boti, akijua kwamba tumekwisha kununua, tuko njiani.

"Shemeji," kaka yake akasema bila kugeuza kichwa, "tukitoka apa, usiseme tena mpaka Ramadhani."

"Naweza kueleza."

"Iyo njo naogopa."

Mkubwa wao alikuja, mtu mzima, mchovu. Akasikiliza habari yetu ikisimuliwa na askari, na ilivyosimuliwa hata mimi nilijishuku. Akatazama rimoroki. Akatazama saa yake.

"Enda nao," akamwambia yule kijana. "Kama ni boti, lete boti na hawa watu. Kama ni bwato, wapite."

Kijana akapanda juu ya rimoroki, akashika chuma kwa mkono mmoja na bunduki kwa mwingine, nasi tukashuka ziwani.

Tulimkuta mke wangu ndani ya boti. Seremala alikuwa amekwisha kuisukuma nje ya uwanja wake hadi mchangani, akafunga lango. Wanajeshi wawili wa ukingoni walisimama kando na kamba mkononi, na mke wangu aliketi katikati ya boti, juu ya ubao wa kukalia, kanga imekazwa, kama yuko katikati ya maji. Baadaye aliniambia alikuwa amewaeleza kwamba mume wake anakuja na rimoroki, na wao wakamwambia waume wote wanakuja na rimoroki. Akawajibu kama wanaichukua waichukue na yeye humo.

Aliponiona nikishuka na askari nyuma yangu, uso ulimbadilika.

"Baba watoto, umefanya nini?"

"Nimesema boti."

Alifumba macho. Kisha akamgeukia askari wetu. "Shefu, mumusamehe. Huyu anasemaka kama redio. Hata mi alinitongoza na maneno ya redio, sikuelewa kitu, nikaitika."

Askari aliizunguka boti. Akaigonga mbao. Akachungulia ndani, chini ya ubao, kana kwamba hata sasa jozi moja ingeweza kuchomoza.

"Ni bwato," akawaambia wale wawili.

"Iondoke sasa," mmoja wao akasema, akionyesha jua.

Tuliisukuma boti majini, tukairudisha rimoroki nyuma hadi magurudumu yakazama, ili boti ielee juu yake ikae. Mawimbi yaliitupa upande. Mara ya kwanza ilikaa mshazari, tukaitoa. Mara ya pili mawimbi yaliizungusha. Wale wawili walikuwa wamekaribia na kamba yao. Yule kijana wa bariyeri alitukana kidogo kwa Kirundi, akavua viatu vyake virefu, akavifunga kwa kamba zake na kuvitundika kwenye chuma cha rimoroki, akaingia majini na suruali. Kwa hiyo rimoroki yangu ilibeba boti za maana zote mbili, nami sikusema neno. Shemeji alinitazama kuhakikisha.

Boti ilipokaa, wote wakashika mnyororo wa kuifunga. Nikasema isogee mbele.

"Imekaa," mke wangu akasema.

"Mbele kidogo. Mkia utatuchapa."

"Nani amekufundisha?"

"Nimeulizwa kama naozesha binti. Sukumeni."

Wakasukuma. Kwenye mteremko wa bariyeri mkia uliyumba mara moja ukatulia. Kijana akashuka, akachukua viatu vyake, kamba ikainuliwa. Tuliingia avenyu yetu wakati milango inafungwa. Majirani walitoka kuinua na kusukuma, wakicheka kwa sauti ya chini, na boti ikajaza uwanja wetu mzima, pua yake kwenye dirisha langu la kazi. Nikajirudisha kwenye kiti. Nilidhani yangu yamekwisha.

Sikuwa nimefikiri kwamba rimoroki si kitu cha siku moja. Boti inayolala nyumbani lazima ishushwe alfajiri na ipandishwe jioni. Siku za safari shemeji aliendesha moteri, mke wangu alishika biashara, na pikapu na rimoroki zikahitaji mtu wa kubaki nazo ukingoni mpaka warudi. Mtu asiyejua kuendesha, asiyejua kuogelea, aliyekuwa na nafasi. Redio zilinisubiri mezani zikiwa zimefunguliwa vifua. Mimi nilikaa kwenye kivuli cha pikapu, nikihesabu mawingu, nikitega sikio upande wa kusini.

Na iko jioni moja walichelewa. Upepo ulikuwa umeanza mchana. Vyombo vya wengine vilikuja kimoja kimoja, vikabebwa, mchanga ukabaki mtupu. Askari wa ukingoni akanijia.

"Muzee, bwato yako iko wapi?"

"Inakuja, shefu."

"Iko wapi?"

Nikamwonyesha kusini kwa kidole. Akatazama jua, nami nikalitazama. Ikitokea baada ya kuvrefe, chombo kinachokaribia mchanga gizani hakiulizwi ni cha nani. Hilo nililijua, naye alijua nalijua. Akasema nipande, niende nyumbani. Nikamwambia sijui kuendesha. Akasema basi niende kwa miguu.

Nilikwenda kwenye pikapu, nikachomoa pini, nikafungua mnyororo wa akiba. Nikaishika rimoroki kwa chuma chake cha mbele na kuanza kuisukuma kuelekea majini. Peke yangu ni nzito. Magurudumu yalizama mchangani, nikayatikisa, yakatoka, mteremko ukaanza kunisaidia. Yalipozama nusu, nikaingia nayo. Niliwaza kwamba wakifika hapatakuwa na dakika ya kurudisha pikapu nyuma hadi majini; boti ipande kwanza, pikapu ivute baadaye.

"Unafanya nini?" askari akaniita kutoka mchangani. "Hakuna kitu uko."

"Inakuja."

Wimbi lilinisukuma, nikashikilia. Maji yakafika mapajani, ya baridi. Chuma kilitaka kuondoka, nikakikataza. Nilisikia moteri kabla ya kuona kitu, kisha nikafikiri si moteri, kisha nikaisikia tena. Pua ya boti ikatokea upande ambao sikuutegemea, karibu sana na mchanga, imelala kwa uzito wa madumu, na mke wangu amesimama mbele akishika ubao kwa mikono miwili. Askari alishusha bunduki begani, akaishika, akatazama.

"Ni bwato ya bibi yangu," nikamwambia. "Bwato."

Moteri ikapunguza sauti. Mke wangu aliniona pale nilipo, maji mapajani, rimoroki imeniegemea.

"Baba watoto, umesha jua kuogelea?"

"Apana," nikasema. "Harakisheni."